Kwa Nini Muuguzi wa Tena Anapimwa Kiingereza Upya

Mtaani Tena, unaopakana na Umoja huko Eastlands, Nairobi, swali la "ulipata bendi ngapi?" halihitaji tena kufafanuliwa. Wanaoulizana ni wauguzi, walimu, wahasibu na vijana waliomaliza chuo juzi. Jioni, wakishatoka kazini, huvaa visikizi na kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa ya Waingereza na Waaustralia, au huenda saiba kuchapisha karatasi za majaribio. Wanajiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na waajiri, vyuo na idara za uhamiaji ng'ambo.

Hawa si watu wanaoanza kujifunza lugha. Walifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza, wakafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa Kiingereza, na muuguzi huandika maelezo ya wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Ni lini basi Mkenya alipangwa kwenye foleni ya wageni wa lugha hiyo? Jibu limo katika historia ya koo mbili za mitihani, ambazo kwa miongo mingi hazikukutana.

Ukoo wa kwanza ni wa wageni. Mwaka wa 1913, Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza kwa watu wa nchi nyingine waliotaka kuwa walimu wa lugha hiyo. Watahiniwa wa kwanza walikuwa watatu tu. Walikaa mtihanini takriban saa 12, wakitafsiri kwenda na kutoka Kifaransa au Kijerumani, wakijibu maswali ya fonetiki, wakiandika insha na kuzungumza mbele ya watahini. Wote watatu walianguka.

Kenya iliingizwa katika ukoo wa pili, ule wa watu wa himaya. Cambridge hiyo hiyo ilisimamia mitihani ya sekondari katika makoloni, na mwanafunzi wa Kiafrika aliyefika kidato cha nne alifanya School Certificate. Hakuna aliyemwita mgeni wa Kiingereza. Alitakiwa kukijua, na asipokijua aadhibiwe.

Adhabu yenyewe ilianza mapema. Katika kitabu chake Decolonising the Mind, marehemu mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o anamkumbuka mvulana waliyesoma naye darasa moja mwaka wa 1954. Alifaulu vyema sana masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa sababu ya somo hilo moja alihesabiwa ameanguka mtihani mzima, na akaishia kuwa taniboi wa basi. Ngũgĩ, ambaye alama zake zilikuwa za wastani lakini Kiingereza chake kizuri, alipata nafasi katika Shule ya Upili ya Alliance.

Uhuru haukulegeza kamba hiyo. Mwaka wa 1957 serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za Waasia mjini Nairobi. Mwaka wa 1964 Tume ya elimu ya Ominde ikaunga mkono Kiingereza kitumike tangu darasa hilo la kwanza. Mzazi wa Eastlands alielewa upesi: mtoto angeweza kuongea lugha ya nyumbani, Kiswahili na Sheng, lakini cheti kingesoma Kiingereza tu.

Cheti hicho kiliheshimika hadi ng'ambo. Septemba 1959, ndege iliyokodiwa kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa kwa mpango huo, miongoni mwao Wangari Maathai, aliyekwenda Kansas mwaka wa 1960. Wale wa mwanzo hawakuulizwa alama za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, kwa sababu mtihani huo haukuwapo. Ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1964, vyuo vya Marekani vilipotaka kipimo kimoja cha wanafunzi wa kigeni waliozidi kumiminika.

Uingereza nayo ilitafuta kipimo chake. Katikati ya miaka ya 1960 British Council ilianza kutumia jaribio lililotungwa na mwanaisimu Alan Davies. Mwaka wa 1980 likafuatwa na ELTS, na mwaka wa 1989, Australia ilipojiunga, ikazaliwa IELTS. Mtihani huo hauna kufaulu wala kuanguka. Mtahiniwa hupewa bendi kuanzia 0 hadi 9, na anayepokea cheti ndiye anayeamua bendi ipi inamtosha.

Wakati huohuo Kenya ilikuwa ikirudisha mitihani yake nyumbani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka wa 1967. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, Kenya ilianzisha baraza lake, KNEC, mwaka wa 1980. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaingia, na KCSE ya kwanza ikafanywa mwaka wa 1989, mwaka uleule wa IELTS.

Mitihani hiyo miwili, iliyozaliwa mwaka mmoja, haipimi kitu kimoja. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu zenye alama 200 kwa jumla. Karatasi ya kwanza hutenga alama 30 kwa stadi za kuzungumza, lakini mtahiniwa hazungumzi. Anaandika ni silabi ipi inayotiliwa mkazo, anajaza mazungumzo yaliyoachwa wazi, anaeleza kwa kalamu jinsi ambavyo angeghani shairi. Karatasi ya tatu inataka insha na uchambuzi wa riwaya, tamthilia na hadithi fupi.

IELTS haina haja na riwaya. Inamweka mtahiniwa mbele ya mtahini kwa dakika 11 hadi 14, kila neno likirekodiwa. Anapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga, kisha aongee hadi dakika mbili. Katika kusikiliza, sauti huchezwa mara moja tu, na ukiambiwa ujibu kwa maneno mawili ukaandika matatu, jibu zima limepotea. Katika kuandika, anayefanya mtihani wa kitaaluma hueleza grafu au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, kisha insha ya hoja ya maneno 250, yote ndani ya saa moja.

Ndiyo maana mazoezi ya Tena yanafanana zaidi na ya mwanariadha kuliko ya mwanafunzi wa lugha: saa ya simu imewekwa mezani, insha inakatizwa muda ukiisha. Mtu anajifunza kutofautisha taarifa ambayo si kweli na ile ambayo kifungu hakikuitaja. Muuguzi aliyezoea kuandika kwa vifupisho wodini anajilazimisha kuandika aya kamili.

Koo hizo mbili ziligongana hadharani mwaka wa 2021. Julai mwaka huo Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya. Miezi michache baadaye, Mutahi Kagwe, wakati huo Waziri wa Afya, alisema kati ya waliofanya mtihani wa Kiingereza, 300 hivi, ni 10 tu waliofaulu. Nchi ilishtuka, wengine wakacheka. Wachache waliuliza kipimo chenyewe kilikuwa kipi. Baraza la wauguzi la Uingereza lilitaka bendi 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtu anaweza kuhudumia wodi nzima kwa Kiingereza na bado akapata 6 kwenye insha asiyoizoea.

Hasira dhidi ya mtihani huo haikuwa ya Wakenya peke yao. Mwaka huohuo Mnigeria Ebenezar Wikina aliongoza kampeni ya kuitaka Uingereza iwaondolee mzigo huo watu wa nchi zinazotumia Kiingereza. Orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake wengi huongea Kiingereza haina nchi hata moja ya Afrika. Kanada hukata shauri kwa njia nyingine: anayeomba ukaazi kupitia mpango wake wa wataalamu hupimwa, hata akiwa amezaliwa London.

Kuna jambo jingine ambalo mzee wa School Certificate hakulijua: matokeo ya IELTS huhesabiwa halali kwa miaka miwili. Visa ikichelewa, ada inalipwa upya na visikizi vinavaliwa tena.

London na Ottawa hazitabadilisha sheria zao kwa sababu ya malalamiko ya Nairobi. Lililo mikononi mwetu ni mtihani wetu wenyewe. KCSE ya 8-4-4 imepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2027, na tathmini itakayoirithi katika shule za sekondari ya juu inaandaliwa sasa. Mtoto wa Tena apewe katika tathmini hiyo dakika kumi za kuzungumza na kusikilizwa na mtahini, bila kulipia. Anayeanza kulipia nafasi hiyo akiwa na miaka 30, ili tu aombe kazi, anaidai shule yake deni la zamani.