Fungu la Kwanza

Ninaweka hazina ya chama cha akina mama kanisani, hapa Kisumu, na kila mwanachama mpya mimi humweleza kwanza habari za kodi ya vibanda ya wakoloni. Reli ilipofika hapa, palipoitwa Port Florence, mwaka 1901, utajiri wa Mjaluo ulikuwa ng'ombe na mtama. Serikali ya kikoloni ikadai kodi hiyo kwa rupia. Pesa iliingia majumbani mwetu ikiwa deni.

Misheni ya Kianglikana ilianza Maseno mwaka 1906. Nyanya yangu alibatizwa huko, naye alifunga fungu la kumi kwenye pembe ya leso kabla hajanunua chumvi. Mwaka 1923 Archdeacon Owen wa kanisa hilo la Kianglikana aliongoza Chama cha Ustawi wa Walipakodi wa Kavirondo. Wengine humlaumu kwamba alipoza siasa. Mimi naona pia vyoo vilivyochimbwa na miti iliyopandwa: utunzaji wa nyumba ulihesabiwa kuwa ibada.

Aliyenigusa zaidi ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno. Alibishana na kanisa, akitaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, lakini nidhamu ya kuweka akiba hakuiacha. Mwaka 1947 aliasisi Luo Thrift and Trading Corporation. Hisa za watu wa kawaida zikajenga Ramogi House mjini humu.

Katika daftari langu la chama, safu ya kwanza ni sadaka, ya pili karo, ya tatu hisa. Hisa za mama muuza omena wa soko la Kibuye hazitolewi bila sahihi yake mwenyewe. Kanuni hiyo tumeiongeza sisi wanawake.