Ikoni ikikosekana, nani anajibu?

Wadau, samahani kwa kupotea. Test zilibana, na mtandao wa hosteli nao unakuja na kuondoka kama boom. Leo nimerudi na historia kidogo, ila inaanzia chumbani kwetu.

Wiki jana nilibadilisha mandhari ya ikoni kwenye laptopu yangu ya Linux. Nilidaunilodi moja bomba kweli, rangi zimetulia. Asubuhi mwenzangu wa chumbani akaiazima akopi data zake za fildi kwenye fleshi. Vitufe vya juu pale penye mafaili havikuwa na maandishi, na karibu vyote vilionyesha picha ile ile, ya kukuambia kwamba picha hakuna. Akabahatisha kimoja. Folda nzima ikaondoka! Tuliikuta kwenye pipa la taka, lakini alikuwa ameshalia. Miezi miwili ya kuhoji wakulima si mchezo jamani.

Nikajiuliza, hivi kompyuta ikikosa ikoni huwa inafanyaje? Nikaanza kuchimba.

Kwenye Linux, mwanzoni kila mtu alikuwa na lake. KDE ilitangazwa 1996 na GNOME 1997, na kila upande ukaziita ikoni kivyake. Picha ya kuhifadhi faili, huku ni "filesave", kule ni "stock_save". Programu ya nyumba hii ikienda nyumba ile inaita jina ambalo hakuna anayeitika.

Mwaka 2000 Havoc Pennington akaanzisha freedesktop.org ili pande hizi zikubaliane mambo ya msingi. Humo ndimo ulimotoka mwongozo wa mandhari za ikoni. Utaratibu wake ni kama wa ukoo. Tafuta kwanza kwenye mandhari iliyochaguliwa. Ukikosa, nenda kwa mzazi wake, kisha kwa mzazi wa mzazi. Wote wakikosa, nenda kwa "hicolor", jina lililobaki tangu enzi za KDE ya zamani, skrini za rangi nyingi zilipotenganishwa na zile za rangi chache. Waswahili tulishasema, aliyekosa la mama hata la mbwa huamwa.

Sasa sikilizeni hapa. Hicolor yenyewe ni kama chumba kitupu. Ina folda tu, na kila programu inatakiwa iweke humo ikoni yake, angalau moja ya ukubwa wa 48 kwa 48. Ikoni za kawaida kama kufuta au kukopi huzikuti humo, hizo ni kazi ya wazazi. Na mzazi anatajwa kwa mstari mmoja tu, "Inherits", ndani ya faili linaloitwa index.theme. Nikafungua la mandhari yangu bomba. Mstari haupo! Mandhari yatima. Nikaongeza "Inherits=breeze", ikoni zikarudi zote.

Majina nayo yalipata dawa. Mwaka 2005 ulianza mradi wa Tango, na katika miaka hiyo ukaja mwongozo wa majina: "document-save", "edit-delete" na kadhalika. Majina haya yana ngazi. Ukikosa "input-mouse-usb", unarudi "input-mouse". Na mwongozo unasema kama mandhari yako ina ile ya jumla na mzazi ana ile mahsusi, chukua ya kwako ya jumla, ili mwonekano usichanganyike. Yaani wazee waliona sare ni bora kuliko usahihi.

Kwa mausi nakubaliana nao. Mausi ni mausi, iwe na waya wa aina gani. Ila kwa kitufe cha kufuta sikubali kabisa. Pale kinachotakiwa si sare, ni maana. Hata ikoni mbaya ya mzazi, yenye rangi zisizoendana, ingemwokoa mwenzangu. Tena ukoo mzima ukikosa, kitufe kisibaki na picha ya kuomba radhi. Kiandike neno: Futa. Neno halihitaji mandhari. Mwongozo unapanga vizuri mpaka mwisho wa ukoo, lakini baada ya hapo kila programu inajua yenyewe, na hapo ndipo watu wanapolizwa.

Kwa hiyo mdau, kabla hujavalisha kompyuta yako nguo mpya, fungua index.theme uone kama mzazi katajwa. Na wewe unayesoma kompyuta, siku ukitengeneza programu, yaache maneno chini ya vitufe. Mimi yangu nimeshayarudisha.

Data zake ziko salama, kwenye fleshi mbili sasa. Laptopu yangu hajaiazima tena.

Haya, naenda kupanga foleni ya wali. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.