Bafa haifuriki, hufurikishwa

MAJUZI nilikuwa Dunga, ufuo wa wavuvi ulio pembezoni mwa jiji la Kisumu, nikila ngege na mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi yeye hutunza mtandao wa chuo kimoja. Aliniambia alikuwa ameandikia wakubwa wake ilani kwamba "bafa inaweza kufurika", nao wakamjibu, "Basi hiyo ni bahati mbaya tu, kama mvua." Akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nilimwonyesha ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda sana, maji yakaingia hadi kwenye mikahawa ya hapo Dunga. Ziwa lilifurika. Kitenzi hicho, chenye kiambishi -ik-, kinaeleza hali bila kumtaja mtenda. Kwa ziwa, sawa kabisa.

Kwa tarakilishi, la. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kupokea data kwa muda, na ina kipimo chake. Programu ikipokea bila kupima, ziada humwagikia sehemu jirani na kuharibu yaliyomo. Mjanja huipanga ziada hiyo iwe maagizo yake mwenyewe.

Historia ina ushahidi. Novemba 2, 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachilia mnyoo uliolemaza maelfu ya tarakilishi. Njia yake mojawapo ilikuwa bafa ya baiti 512 ambayo haikulindwa na kipimo chochote. Ungedhani somo lilieleweka. Wapi! Mwaka 2000 kosa lilo hilo likapatikana katika Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji uliobuniwa MIT na kupewa jina la mbwa mlinzi wa hekaya za Kigiriki.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya FreeRADIUS, programu inayotumiwa na vyuo vingi kuhakiki watu kabla ya kuwaingiza mtandaoni. Matoleo 2.1.10 hadi 2.1.12, yalipohakiki vyeti vya kidijitali, yalinakili tarehe ya mwisho ya cheti bila kupima urefu wake. Mgeni angeweza kuleta cheti chenye "tarehe" ndefu kupindukia, akamwangusha bawabu au hata kumtawala, kabla hajatambuliwa ni nani. Toleo 2.2.0, lililotoka Septemba mwaka huo, lilirekebisha kosa hilo.

Ndiyo maana napendekeza kufurikisha. Kiambishi -ish- kinamrudisha mtenda kwenye sentensi. Ukisema bafa "imefurikishwa", msikilizaji atauliza tu: na nani? Na nani aliyekosa kupima? Hata neno kiraka, tunaloliita marekebisho ya programu, lina hila yake: linatufanya tufikirie tundu lililozibwa, ilhali hapa kinachotakiwa ni kupima kabla ya kupokea. Mvuvi wa Dunga hangoji mtumbwi uzame ndipo aulize unabeba kiasi gani.

Kijana wangu aliandika ilani upya: "Mtu anaweza kuifurikisha bafa yetu, kwa sababu hatujasakinisha toleo jipya." Safari hii hakuna aliyemtajia mvua.