Jioni bila rubisi: historia ya mikutano ya kuacha pombe Buhaya

Rubisi hutengenezwa kwa miguu. Ndizi mbivu za pombe, embiile, humwagwa ndani ya obwato, ule mtumbwi wa mti, zikachanganywa na nyasi, na wanaume wakazikanyaga mpaka maji yake matamu yatoke. Hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, majani ya mgomba hufunika juu, na baada ya siku moja au mbili majirani wanajua pa kwenda.

Katika Buhaya, huko Bukoba na Muleba mkoani Kagera, kinywaji hicho kimepita katika posa, misiba, matambiko na kodi iliyopelekwa kwa Mukama, yaani mfalme. Mwanaanthropolojia Robert Carlson, aliyeandika mwaka 1990 kuhusu pombe ya ndizi ya Wahaya wa Bukoba, alionyesha jinsi inavyofunga uhusiano kati ya anayetoa na anayepokea, na kati ya walio hai na wazee waliotangulia. Kwa hiyo anayeikataa huonekana amemkataa aliyempa. Mtu wa Kamachumu aliyeamua kuacha hukabiliwa na jambo gumu kuliko kiu: ikifika saa kumi na mbili jioni, akae na nani?

Jibu moja lilivuka mpaka likitokea kaskazini na magharibi. Mwaka 1929, jijini Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka iliyofuata, uamsho uliwaka kwenye hospitali ya Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeingia Buhaya. Wafuasi wake waliitwa walokole. Walikutana kila wiki. Mmoja alisimama, akataja kosa lake mbele ya wenzake bila kulifunika, wenzake wakaimba Tukutendereza, kisha akasimama mwingine. Wizi, uzinzi, chuki na ulevi, vyote vilitajwa kwa majina yake. Kuacha pombe kulikuwa alama ya wazi kwamba mtu ameokoka.

Watu wazima hao, katika nchi inayochunga heshima na siri za nyumbani, walikubali kusema hadharani kwamba wameshindwa. Bengt Sundkler, mmisionari Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1942, aliwaona kwa karibu na baadaye akaandika kitabu juu ya kanisa na jamii ya huko, Bara Bukoba. Josiah Kibira, mtoto wa uamsho huo, alimrithi Sundkler uaskofu wa Kilutheri mwaka 1964, na kuanzia 1977 hadi 1984 alikuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930, mbali na Ziwa Viktoria, jambo linalofanana na uamsho huo lilikuwa likitokea. Mei 1935 katika mji wa Akron, Ohio, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alihisi ataanguka tena. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akapata daktari wa upasuaji. Juni 10 mwaka huo daktari akanywa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, AA. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, chama cha Kikristo kilichosisitiza kuungama mbele ya wenzako. Mwanzilishi wake, Frank Buchman, aliguswa kiroho mjini Keswick, Uingereza, mwaka 1908. Wamisionari wa Gahini nao walilelewa katika mafundisho ya Kikristo yaliyotokea Keswick. Mikutano ya Akron na ya walokole wa Bukoba ina babu mmoja.

Tofauti yao, hata hivyo, inamgusa sana mtu wa leo. Ushirika wa walokole humpokea anayemkiri Yesu, na aliyerudia pombe anaweza kuonekana amerudi nyuma kiimani. Mwislamu wa mjini Bukoba atajiona mgeni pale. AA inadai sharti moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Jina kamili halitakiwi, na aliyeanguka jana anakaribishwa leo.

Serikali imejaribu njia yake. Machi 1, 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku Tanzania nzima, na gongo, inayoitwa enkonyagi Kagera, ni haramu tangu zamani. Sheria iliondoa pakiti dukani, lakini haikumpatia mnywaji mtu wa kuketi naye.

Mikutano ya AA Tanzania inafahamika zaidi Dar es Salaam na Arusha, mbali mno na Muleba kwa basi. Tangu 2020 mingi duniani hufanyika pia kwa simu na intaneti. Anayekunywa kila siku kwa miaka aanzie hospitali, iwe ya Ndolage, ya Rubya au ya rufaa mjini Bukoba, kwa kuwa kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kuua.

Baada ya hapo hakihitajiki kibali wala kiingilio. Kwa desturi ya AA yenyewe, walevi wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanatosha kujiita kikundi.