Barua na Shairi katika Upweke: Elizabeth Barrett na Robert Browning, 1845–1846

Katika mafunzo ya fasihi twazoea kuziweka barua ya mapenzi na shairi la mapenzi katika fungu moja. Historia ya washairi wawili wa Uingereza yatuonyesha kwamba tanzu hizi zaweza kutenda kazi mbalimbali ndani ya moyo mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka 1845 Elizabeth Barrett alikuwa na umri wa miaka 38. Maradhi yalimfungia chumbani katika nyumba ya baba yake mjini London, na majonzi yalimwelemea tangu nduguye Edward alipokufa maji mwaka 1840. Baba huyo hakukubali mtoto wake yeyote aoe au aolewe. Lakini mashairi ya Elizabeth yalifika asikoweza kufika mwenyewe. Katika diwani yake ya mwaka 1844 alimtaja kwa heshima Robert Browning, mshairi asiyepata kumwona. Robert aliisoma, na tarehe 10 Januari 1845 akamwandikia kuzisifu tungo hizo, kisha akatamka kwamba ampenda na mtungaji.

Walionana mara ya kwanza tarehe 20 Mei. Mara baada ya hapo Robert alimwandikia kwa haraka barua ya kukiri mapenzi. Elizabeth aliirudisha, naye akaichoma moto. Hata hivyo hawakuacha kuandikiana. Kwa miezi 20 walipelekeana barua zaidi ya 570. Jambo hilo liliwezekana pia kwa sababu, tangu mwaka 1840, barua nyepesi ilipelekwa popote nchini kwa peni moja tu, na mjini London posta iligawa barua mara kadhaa kwa siku.

Katika miezi hiyo hiyo Elizabeth alitunga soneti 44 juu ya mapenzi yale yale, wala hakumwonyesha Robert hata moja mpaka walipokwisha kuoana. Zilichapwa mwaka 1850, chini ya anwani iliyozifanya zionekane kama tafsiri kutoka Kireno. Kwa nini alizificha? Twadhani ni kwa kuwa barua hungoja jibu; mwandishi wake hupima kila neno kwa moyo wa atakayelisoma. Katika shairi, Elizabeth aliweza kuyakabili mauti, machozi na mashaka yake bila kuombaomba faraja. Barua ilimtoa upwekeni. Shairi lilimwezesha kuutazama upweke huo.

Walifunga ndoa kwa siri tarehe 12 Septemba 1846, na baada ya juma moja wakaondoka kwenda Italia. Tangu hapo hawakuwa na haja ya kuandikiana. Lakini Elizabeth aliendelea kumwandikia baba yake akiomba msamaha. Mwaka 1851 barua hizo zilirudishwa zote pamoja, lakiri zake hazijavunjwa.

Basi tufundishapo utanzu wa barua, tusiishie kwenye ufundi wa mwandishi. Kalamu ile ile iliyompatia Elizabeth mume haikuweza kumrudishia baba, kwani huyo hakukubali kuwa msomaji.