Programu Bado Inadhani Inachapisha

Kabla ripoti ianze kukufikia kwa simu ukiwa kwa matatu asubuhi, kulikuwa na mtu wa zamu ya usiku. Kazi yake ilikuwa karatasi.

Tarehe 21 Juni 1988, IBM ilitangaza AS/400, kompyuta iliyoundwa Rochester, Minnesota, huko Marekani. Haikuwa lile jitu linalojaza chumba, wala haikuwa ya mezani. Ilikuwa ya katikati: ya ghala, kiwanda, mishahara. Usiku programu za RPG na COBOL zilifunga hesabu za siku, na ripoti zikatoka kwa printa, herufi 132 kwa mstari, kwenye karatasi ndefu zenye vitobo pembeni. Huyo mtu alizikata, akazipanga, akazipeleka dawati kwa dawati. Alijua pia ripoti ya mishahara haiachwi popote tu.

Sasa, printa ni mzee wa polepole. Ndiyo maana ripoti iliwekwa kwanza kwenye diski, kama faili ya spuli, ikapiga foleni. Na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Barua pepe ilipoingia maofisini miaka ya 1990, hakukuwa na haja ya kugusa zile programu za kale, ambazo pengine aliyeziandika alishastaafu. Ungevizia foleni tu. AS/400 inaweza kuunganisha foleni ya printa na foleni ya data: ripoti ikiwa tayari, mfumo unaacha ujumbe pale. Programu ndogo iliyokuwa imelala inaamka, inasoma jina la ripoti, inatafuta anwani kwenye jedwali, inageuza ripoti kuwa maandishi ya kawaida au PDF (hiyo Adobe ilileta 1993), inatuma. Kisha inalala tena.

Ile programu kuukuu haikuambiwa kitu. Mpaka leo inahesabu mistari na kuagiza ukurasa mpya wa karatasi ambayo haipo. Binafsi naona huo ni ujanja mtamu kuliko mashine yenyewe.

Lakini yule wa zamu angeona neno MISHAHARA juu ya karatasi, asite. Jedwali halisiti. Ukikosea herufi moja ya anwani saa nane usiku, inaenda. Na mfanyakazi akihama, lazima mtu akumbuke kufuta jina lake humo. Kama hakuna aliyepewa hiyo kazi, ripoti zinaendelea kumfuata.