Joshi na Farumi: Vyombo vya Mbio katika Bahari ya Unguja

Kisiwani Unguja, mapenzi ya mwendo kasi ni ya baharini. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi tu, na vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havipitishi gari. Barabara haikuwa na nafasi ya kuzaa mashabiki wa mbio, lakini mkondo kati ya Unguja na bara ulikuwa nayo tele. Mbele ya Forodhani na katika bandari ya Malindi ya mjini Unguja vilikutana vyombo vya Kuwait, Sur, Kutch, Lamu na vya wenyeji wenyewe, na kila kimoja kilikuwa na watu wa kukisifu na wa kukibeza. Hukumu zao hazikuwa za mzaha. Chombo kilipimwa kwa upepo kilichoundiwa, kwa mzigo kilichobeba, na zaidi ya yote kwa namna kinavyokwenda pale upepo unapokikabili usoni.

Mpangaji wa kwanza wa mbio hizo alikuwa msimu. Kaskazi huvuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyovileta vyombo vya Arabuni na India. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na ndiyo iliyovirudisha. Katikati huja tangambili, wakati upepo hauaminiki. Chombo kilichochelewa kung'oa nanga Ghuba ya Uajemi kiliweza kukuta Kaskazi imekatika njiani, na nahodha wake akapoteza faida ya mwaka mzima. Kilichowahi kiliuza tende, papa mkavu, chumvi na mazulia kabla soko halijajaa, kikachagua boriti nzuri za mikoko na kuondoka bila haraka. Kwa hiyo mwendo wa safari ndefu ulikuwa na bei inayojulikana sokoni.

Mkongwe kati ya washindani hao ni mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Ulikuwa mwepesi, na upepo wa nyuma uliusukuma vizuri sana. Mshono wake uliufanya unyumbuke, hata ukigonga mwamba ulikuwa na nafasi ya kupona pale chombo cha misumari kingepasuka. Gharama ya wepesi huo ilikuwa maji: mabaharia wa mtepe walifua ngama usiku na mchana. Tena tanga la mraba halikuweza kuukaribia upepo kama tanga la pembe. Karne ya 20 ilipoanza mitepe ilikuwa imebaki michache, mingi ikiwa ya Lamu na visiwa jirani, na baada ya miongo michache haikuundwa tena kwa kazi. Watu wa Unguja wa kizazi hiki wameujua mtepe kwa ule wa mfano uliojengwa kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib.

Vyombo vya Kaskazi vilikuwa jamii nyingine kabisa. Bagala lilikuwa kubwa, lenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, pana iliyonakshiwa, na mwenye nalo alitaka lionekane. Ghanja la Sur na kotia la India yalifanana nalo kwa umbo. Bumu la Kuwait halikuwa na madoido hayo: omo, yaani sehemu ya mbele, na tezi zote zilichongoka, na mbele ulitoka mti mrefu ulionyooka. Kwa macho lilikuwa maskini wa sura, lakini lilikuwa rahisi kuunda na lilihimili bahari nzito, na mwanzoni mwa karne ya 20 bumu lilikuwa limelisukuma bagala nje ya biashara. Hapa ladha ya mashabiki na hesabu ya wafanyabiashara ziligongana. Waliopenda uzuri walilisikitikia bagala. Waliolipa gharama waliagiza bumu. Bedeni la Omani, lenye omo iliyosimama wima na usukani uliofungwa kwa kamba nyingi, lilikuwa dogo kuliko yote hayo lakini halikukosa sifa ya mbio.

Picha kamili kabisa ya maisha ndani ya bumu imeachwa na Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 pamoja na nahodha wa Kuwait, Ali bin Nasr al-Nejdi, mpaka Unguja na delta ya Rufiji kutafuta boriti. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1940, kinaonyesha manahodha waliojali heshima ya mwendo kama walivyojali mzigo. Kuingia bandarini kulikuwa tamasha: tanga safi, ngoma, nyimbo, na foromali, mti unaobeba tanga, kushushwa kwa pigo moja mbele ya vyombo vilivyotangulia kutia nanga. Nahodha aliyekosea kuteremsha tanga mbele ya Malindi alijulikana mji mzima kabla ya magharibi.

Kuna sura ya historia hii ambayo haina uzuri wa kusimulia. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, mwendo wa chombo ukawa jambo la kukamatwa au kuponyoka. Jeshi la wanamaji la Uingereza liliweka manowari kuukuu, HMS London, katika bandari ya Unguja tangu 1874 hadi 1883, na mashua zake za makasia, za tanga na za mvuke zikawinda majahazi kati ya Unguja, Pemba na bara. Chombo chepesi chenye upepo mzuri kiliweza kuiacha mashua ya makasia. Hata hivyo kinga iliyoshinda tanga lolote ilikuwa karatasi: baadhi ya vyombo vya Sur vilipeperusha bendera ya Ufaransa, na Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kuvipekua ovyo. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa karibu na Pemba alipokisogelea chombo chenye bendera hiyo, kilichokuwa kimebeba watumwa. Mgogoro wa bendera za Ufaransa kwa vyombo vya Omani haukuamuliwa mpaka Agosti 1905, mahakamani The Hague.

Meli za moshi zilikuwa zimekwisha kuingia katika mashindano. Kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja sehemu kubwa ya merikebu za Sultani Sayyid Barghash pamoja na mikarafuu ya Unguja, na mwaka huohuo meli za barua za British India zikaanza kuunganisha kisiwa na Aden. Barghash alijiundishia Scotland meli ya Glasgow, iliyofika mwaka 1878, chombo cha fahari chenye mvuke na matanga pamoja. Haikupata sifa ya mwendo wala ya vita. Tarehe 27 Agosti 1896 ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza palepale mbele ya jumba la mfalme, na milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji kwa miaka mingi. Mvuke uliwanyang'anya wenye matanga barua na abiria wa mbali. Mizigo isiyo na haraka, kama boriti, chokaa, nazi na samaki mkavu, iliachiwa majahazi, na huko ndiko ustadi wa wenyeji ulikoendelea kunolewa.

Safari za karibu zina sheria yake. Bumu lililotoka Ghuba lilikwenda na upepo mgongoni kwa majuma kadhaa. Jahazi la Unguja linaloshughulika kati ya Malindi, Bagamoyo, Tanga na Pemba hulazimika kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa mshazari, kulia kisha kushoto, mpaka lifike. Kwa mabaharia wa kisiwa, kipimo cha kweli cha chombo ni hicho. Kukimbia na upepo wa nyuma hata gogo hukimbia. Chombo kinachosifiwa ni kile kinachoshika joshi, kinachoelekeza omo karibu na upepo bila kuteleza kwenda demani, upande unakoelekea upepo. Sifa hiyo hutokana na mkuku ulionyooka, umbo la mbavu chini ya maji, mkato wa tanga na mahali farumi ilipowekwa. Farumi, mawe au mifuko ya mchanga, ikizidi, chombo huwa kizito. Ikipungua, chombo hulala na tanga hutema upepo. Mafundi wa Nungwi, kijiji cha ncha ya kaskazini kinachojulikana kwa kuunda vyombo, hufanya hesabu hizo bila michoro, kwa jicho na tezo.

Majahazi nayo hayakufanana. La Lamu lilijulikana kwa omo iliyosimama wima, la Unguja kwa omo iliyolala mbele. Mtu wa Lamu husema lake hukata wimbi. Mtu wa Unguja hujibu kuwa lake hulipanda. Pengine wote wana haki, kwa kuwa bahari zao hazifanani. Shida ya majahazi yote ni moja: tanga la pembe halibadilishwi upande kwa urahisi. Foromali lazima isimamishwe, ipitishwe mbele ya mlingoti na kuangushwa upande wa pili, huku mabaharia wakikimbia na kamba ya demani kuizungusha. Katika jahazi kubwa kazi hiyo hula dakika za thamani, na ikifanywa vibaya upepo huweza kulipindua. Hapo ndipo mabaharia wazuri huwashinda wenye chombo kizuri.

Katika mashindano ya wazi, hata hivyo, bingwa wa Unguja si jahazi. Ni ngalawa. Mwili wake huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe, ukiwa mwembamba mno kuweza kusimama peke yake na tanga. Kinachoushika ni matengo, miti ya kukingama yenye mbao za kuelea kwenye ncha zake, mmoja kila upande. Wataalamu wengi wa vyombo vya bahari wameihusisha asili ya umbo hilo na mabaharia wa visiwa vya Indonesia waliofika Madagaska na Komoro, ingawa matengo ya pande mbili yenye mbao kama za ngalawa yamekuwa na historia yake katika mwambao huu. Mbao hizo hazikai bapa tu. Huwekwa zimeinama, na ngalawa inapokimbia ule wa upande wa demani huteleza juu ya maji na kukiinua chombo. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo matengo yanavyosaidia zaidi. Ni ufundi wa kuvutia, na ulikuwepo kabla ya wahandisi wa mashua za mashindano za Ulaya kuanza kufikiria mabawa ya chini ya maji.

Pwani ya mashariki, kutoka Nungwi hadi Jambiani na Makunduchi, ndiyo iliyoipa ngalawa nafasi yake. Mwamba umezuia bahari kuu, na ndani yake kuna maji mafupi ambayo wakati wa bamvua hukauka sehemu kubwa, kwani tofauti ya kujaa na kupwa hufikia mita nne hivi. Jahazi haliwezi kufanya kazi humo. Ngalawa hupita juu ya mawe kwa kina kidogo cha maji, hutoka kwenye mlango wa mwamba alfajiri, na hurudi na samaki kabla hawajaharibika. Wavuvi wanaorudi pamoja hufukuzana bila kuambiwa, kwa sababu wa kwanza ufukweni hukutana na wachuuzi wenye fedha kamili. Resi rasmi zilitokana na mazoea hayo ya kila siku.

Siku ya resi ngalawa huwa tupu, bila nyavu wala samaki, na uzito wa kusawazisha ni watu. Wawili au watatu hutoka na kukalia matengo ya upande wa joshi, wakirudi ndani upepo ukipungua. Nahodha hushika usukani na demani. Tanga kubwa huleta ushindi au huvunja mlingoti, na uamuzi wa kuchagua tanga hufanywa ufukweni kwa kutazama minazi inavyoyumba. Kabla ya hapo mwili wa chombo huandaliwa: sehemu ya chini huunguzwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu watoboa mti na kuondoa magugu ya bahari, nyufa hutiwa kalafati, kisha hupakwa sifa ya papa au deheni. Ngalawa iliyopakwa vizuri huteleza, na mwenye kuijua hutambua tofauti kwa mkono kabla haijaingia majini.

Resi za ngalawa zimekuwa sehemu ya sherehe za vijiji na za taifa, na Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998 na kukusanyika Ngome Kongwe, lilizileta mbele ya Forodhani, ambako mtazamaji anaweza kusimama ukutani na kuona kila kosa. Kizimkazi nako resi hizo zimo katika tamasha la kijiji. Mshindani wa kulinganishwa na Unguja ni Lamu, ambako heshima ni ya mashua, si ya ngalawa. Katika Maulidi na tamasha la utamaduni mashua za mitaa hushindana zikiwa na matanga makubwa kupita ya kazi, na wapo wenye mashua wanaozitunza kwa resi peke yake. Shabiki wa Lamu huiona ngalawa kama mtumbwi uliobahatika. Wa Unguja huiona mashua kuwa chombo kinachohitaji watu wengi mno kukizuia kisipinduke.

Mashine imebadilisha kazi kuliko mchezo. Boti za kampuni ya Azam zilizoundwa Tasmania huvuka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, majahazi mengi yana injini, na wavuvi wenye uwezo hununua mashine ya kufunga nyuma. Ngalawa bado inatoka mwambani kwa sababu upepo haununuliwi kama mafuta. Kilichobadilika ni malighafi: miembe mikubwa ya kutosha gogo imekuwa adimu, na mafundi wengine huunga mwili kwa mbao. Matanga ya pamba yaliyomwagiwa maji ili nyuzi zijibane yamepisha turubai na vitambaa vya plastiki, ambavyo ni vyepesi, haviozi, na huraruka ghafla.